Bamdogo, mawe hai sikuletei

Najua niliahidi kumalizia ile stori ya jamaa aliyeingia na desa kwenye soksi siku ya UE. Itasubiri. Leo nimekaa hapa chumbani, saa nne usiku, wenzangu watatu wanakoroma (ndiyo, tumebebana tena, msiniulize), na mimi nina hasira ambayo nisipoiandika nitailaza na itaamka nayo kesho.

Chanzo ni simu kutoka nyumbani Kagondo. Alipiga baba yangu mdogo. Wanaonisoma zamani wanamfahamu: ndiye anayenitumia hela bumu likichelewa, na bila yeye nisingefika hapa Mlimani. Naanza kwa kulisema hilo ili ijulikane kwamba ninayoyaandika hapa yananigharimu.

"Shikamoo bamdogo."

"Marahaba mwanangu. Unasoma?"

"Nasoma."

"Sasa sikiliza. Nyumba imekwisha. Pale sebuleni fundi ameniwekea kioo cha samaki, urefu mita moja na sentimita ishirini, kina nusu mita na upana nusu mita. Lakini sitaki samaki wa kawaida. Nataka bahari. Nataka wale wa rangi rangi niliowaona kwenye hoteli huko huko Dar. Nimeangalia kwenye simu, wanasema lazima uwe na mawe hai. Wewe uko hapo pwani. Ongea na wavuvi, wakutolee gunia mbili, ukija likizo upande nazo basi."

Nikamwambia, "Bamdogo, hiyo kazi siwezi." Akacheka, akadhani nataka nauli ya mzigo. Nikamwambia si nauli. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwani hayo mawe ni ya baba yako?" Akakata.

Baada ya nusu saa akapiga mama. "Mwanangu, jiwe tu linakugombanisha na baba yako mdogo?"

Jiwe TU. Hapo ndipo nilipoamua kuandika. Maana hilo neno "tu" ndilo linalotumaliza. Jiwe tu. Ndoo moja tu. Samaki tu. Nitayajibu yote matatu, moja baada ya lingine, na mwisho nitasema nini kifanyike, maana kukataa bila kutoa njia ni maringo, na sisi watu wa Kagera kwa maringo tayari tunasemwa vya kutosha.

JIWE TU

Kwanza niwe mkweli. Bamdogo hakudanganywa. Mawe hai ni kitu cha kweli na kazi yake ni ya kweli. Wanaofuga samaki wa bahari ndani ya kioo wameyategemea kwa miongo mingi, na wana sababu.

Jiwe hai ni kipande cha mifupa ya matumbawe ya zamani. Matumbawe yenyewe yalishakufa, yakabaki kama sponji gumu la chokaa lenye matundu mengi. Ndani na juu yake wakahamia viumbe wengine: mwani mgumu wa rangi ya zambarau na waridi, sponji, minyoo, konokono wadogo, kamba wadogo, na zaidi ya wote bakteria. Hao bakteria ndio mtambo wenyewe. Samaki akila, anatoa amonia, na amonia ni sumu kwake. Bakteria wa juu ya jiwe wanaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza kuwa nitrati, ambayo ina nafuu. Halafu kule ndani kabisa ya matundu, ambako hewa ya oksijeni haifiki, wapo bakteria wa aina nyingine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, ikapanda juu na kwenda zake. Kwa kifupi, jiwe moja linafanya kazi ya choo, shimo la taka na mtambo wa kusafisha maji, bila kuomba mshahara.

Sasa niambieni: kitu cha namna hiyo utakiita jiwe TU?

Na kama linafanya kazi hiyo kwenye kioo cha sebuleni, huko baharini linafanya nini? Linafanya hiyo hiyo, bure, kwa kila mtu. Tena zaidi. Watoto wa tumbawe wakiwa wanaelea baharini wanatafuta mahali pagumu pa kushika ili waanze maisha, na hilo jiwe ndilo kiwanja chao. Pweza anayeuzwa vipande vipande pale feri kwa vijiti alikuwa anaishi ndani ya tundu la jiwe. Akina mama wanaotembea kwenye mwamba maji yakitoka wanachokonoa pweza kwenye mawe hayo hayo. Wimbi kubwa likija, linavunjika mwambani kabla halijafika kijijini. Ukiondoa jiwe, umeondoa kiwanja, nyumba, chakula na ukuta kwa mkupuo mmoja. Na halirudi kesho. Matumbawe yale makubwa ya duara hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Mimi nina miaka ishirini na miwili. Tumbawe lililoanza siku niliyozaliwa halijafika bado ukubwa wa tairi la baiskeli.

Kuna watakaonikatalia kwa historia. Watasema: mbona Waswahili walijenga kwa matumbawe? Ni kweli walijenga. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao misingi yake ni ya karne ya 11, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Lakini mafundi wale mawe mengi ya ukutani waliyachimba nchi kavu, kwenye mwamba wa kale ulioachwa na bahari. Lile laini la baharini walilihifadhi kwa kazi ya kuchonga, kama mihrabu na vizingiti vya milango. Na nyumba zile zimesimama mamia ya miaka. Usinilinganishie mihrabu ya Kilwa na pambo la sebule ya Muleba litakalooza ndani ya wiki mbili (na kwa nini litaoza, nitaeleza).

Tena tumeshaonja ubaya wake. Mafia na Mtwara watu walivunja matumbawe mabichi, wakayapanga na magogo, wakayachoma kupata chokaa ya kujengea. Walikuwa na shida ya nyumba, siwezi kuwacheka. Lakini mwamba uliovunjwa ulibaki kifusi. Kisha likaja joto la 1998, bahari ikapata moto, matumbawe ya Afrika Mashariki yakawa meupe na mengi yakafa. Likarudi 2016. Likarudi tena 2024. Mwamba unaougua hivyo unahitaji kila jiwe lake ili upone. Halafu sisi tuje na gunia?

NDOO MOJA TU

Hili ndilo jibu analopenda mwenzangu wa kitanda cha juu. Nilipomsimulia aliniambia: "Bahari yote hiyo, gunia mbili zitapunguza nini? Mpelekee mzee mawe, ule bata."

Jamani. Mtu wa Singida akisema hivyo nitamsamehe. Mtu wa Kagera akisema hivyo, anapaswa kuona aibu, maana sisi tuna ushahidi mlangoni.

Sangara hakuja Ziwa Victoria kwa meli. Aliletwa kutoka maziwa mengine, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, wakiwa samaki wachache tu wa kupandikiza. Ndoo tu! Na waliofanya hivyo hawakuwa wendawazimu, walikuwa na sababu zinazosikika vizuri: ziwa lina furu wengi wadogo wenye miba, hawana soko, tulete samaki mkubwa awageuze kuwa minofu. Miaka ikapita, hakuna aliyeona kitu. Ilipofika miaka ya 1980 sangara akalipuka ziwa zima.

Kabla yake, furu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wanaokaa karibu na sakafu ya ziwa. Aina zake wataalamu wanazihesabu kwa mamia, wengi wanataja 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wanasema ziwa lilikauka miaka kama 15,000 iliyopita, kwa hiyo aina hizo zote zilitokea kwa kasi ambayo dunia nzima inakuja kuistaajabia. Mdachi Tijs Goldschmidt, aliyekuwa kwenye kundi la watafiti kutoka Leiden waliofanya kazi Mwanza, ameandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, Darwin's Dreampond. Amekuta samaki wakitoweka wakati bado anawahesabu. Inakadiriwa kama aina 200 zimekwenda. Uchafu wa maji na uvuvi navyo vimechangia, sikatai. Lakini mlango ulifunguliwa kwa ndoo.

Ndiyo, sangara ameleta fedha. Viwanda vya minofu, ajira, madola. Nami nimekula sangara, nisijifanye mtakatifu. Ninachosema ni kimoja: mtu aliyezaliwa karibu na ziwa lile hana haki ya kusema "ndoo moja tu itafanya nini". Tumeshaonyeshwa ndoo inafanya nini.

Na gunia la bamdogo halitakuwa la mwisho. Bamdogo ni mtu wa kuigwa. Akiweka bahari sebuleni Kagondo, Krismasi ile ile atakuja jirani kutoka Kamachumu, ataangalia, atanywa soda yake kimya kimya, na mwaka unaofuata naye atataka. Sisi tunajuana! Nyumba moja ikiezekwa bati la rangi, kilima kizima kinabadilika rangi. Na mvuvi akishajua kwamba jiwe lina bei, hatasubiri oda ya mtoto wa chuo. Ndivyo ilivyokuwa kwingine. Florida waliona mwamba unabebwa, wakapiga marufuku kuchukua mawe hai kwenye maji ya jimbo 1989, na kwenye maji ya shirikisho mwaka 1997 mlango ukafungwa. Fiji, iliyokuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa duniani, ilisimamisha kusafirisha matumbawe na mawe hai mwishoni mwa 2017. Hao walikuwa wanapata fedha za kigeni na bado wakasema basi. Sisi tuanze pale wenzetu walipoishia?

SAMAKI TU

Tuseme basi bamdogo hajali mwamba wala pweza. Tuseme anajali fedha yake tu. Bado namwambia: usifanye.

Kioo chake, nimepiga hesabu, kinaingia lita 300. Kanuni ya zamani ya wafugaji ni kama gramu 120 za jiwe kwa kila lita, maana yake kilo 36. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, maana yake kilo kumi na nusu kwa kujaza mara moja. Ukibadilisha sehemu moja ya kumi kila wiki, ni zaidi ya kilo moja ya chumvi kila wiki, maisha yote. Na si chumvi ya dukani! Hiyo ni karibu yote kloridi ya sodiamu. Bahari ina kalsiamu, magnesiamu na mengine kwa uwiano wake, na chumvi ya kuchanganya yenye vitu hivyo hutaipata kwa mangi.

Haya, safari. Kutoka Dar mpaka kwetu ni zaidi ya kilomita 1,300. Jiwe hai likisafirishwa linafungwa likiwa na unyevu, kwenye baridi ya wastani, kwa haraka. La bamdogo litakuwa kwenye buti la basi, chini ya magunia ya nguo na ndoo za rangi, jua la Dodoma na Singida likilipikia. Sponji zitakufa. Minyoo itakufa. Konokono watakufa. Ukifungua gunia Muleba, harufu yake ni ya mayai viza. Na hiyo ndiyo alama ya kwanza anayofundishwa mnunuzi yeyote: jiwe zima linanuka bahari, jiwe lililokufa linanuka uvundo. Ukilitia kwenye kioo, vilivyokufa vinaoza, amonia inapanda, samaki wa rangi rangi wanapinduka matumbo juu. Mtambo wa kusafisha umekuwa mtambo wa sumu.

Hata wenye uzoefu hawatii jiwe jipya pamoja na samaki. Wanaliweka peke yake kwenye pipa la maji ya chumvi yanayozungushwa na pampu, wiki kadhaa, wanabadilisha maji, wanapima, mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Ndipo wanaanza. Na humo wamo wageni ambao hukuwaalika: kamba-mantisi mwenye ngumi ya kuvunja kome, na yule kiumbe kama ua anayezaana kila ukimkata. Kuna wanaodhani dawa ni kulichemsha jiwe. Thubutu! Baadhi ya viumbe wanaokaa juu ya mawe hayo wana sumu kali mno inayotoka na mvuke, na watu wameugua nyumba nzima kwa kuchemsha jiwe jikoni. Nimekuwa nikimfikiria shangazi jikoni kwake, na sufuria ya mawe jirani na sufuria ya ndizi.

Halafu umeme. Bamdogo, umeme ukikatika pampu inasimama, hewa inakwisha. Nani ataamka usiku kukoroga maji ya samaki? Wewe?

SASA TUFANYE NINI

Anayetaka bahari kweli kweli, kwa kujua gharama yake, njia ipo na haigusi mwamba. Inaitwa jiwe kavu. Sehemu kubwa ya pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wa kale uliobaki nchi kavu bahari ilipopungua. Pale Wazo Hill chokaa ya saruji inachimbwa kilimani. Kule Mombasa, machimbo ya saruji ya Bamburi, René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971, na leo ni msitu wenye viboko. Jiwe la namna hiyo ni mifupa ile ile, chokaa ile ile, matundu yale yale, ila halina anayeishi humo anayelitegemea baharini.

Namna ya kulichagua ni rahisi:

Lishike. Likiwa jepesi kuliko ulivyodhani, lina matundu, chukua. Likiwa zito kama nondo, acha.

Limwagie maji. Yakizama ndani, zuri. Yakiteleza, halina nafasi ya bakteria.

Lidondoshee siki. Likitoa povu, ni chokaa, linafaa maji ya bahari.

Liangalie. Lisiwe limetoka kwenye ukuta wenye rangi au saruji, wala kando ya mtaro wa maji machafu. Liwe na umbo la ovyo ovyo, pembe na mapango, siyo tofali. Samaki anataka pa kujificha na maji yanataka pa kupita.

Kisha lisugue kwa brashi, liloweke, badilisha maji mpaka yawe meupe. Lipange juu ya kioo chenyewe na si juu ya mchanga, maana samaki wanachimba na jiwe litaanguka. Tia amonia kidogo, na kama kuna mwenye kioo cha zamani muombe kipande kidogo chenye bakteria kiwe mbegu. Subiri wiki nne, sita, pengine zaidi. Litahuika lenyewe. Hiyo ndiyo siri yote: uhai wa jiwe unafugika. Kinachotuharakisha tuubebe kutoka mwambani ni kukosa subira.

Lakini bamdogo, mimi ningekuwa wewe nisingehangaika na bahari kabisa.

Unajua wazungu wanafuga nini kwenye vioo vyao? Furu wetu! Kuna mmoja wa visiwa vya upande wa Mwanza anaitwa Pundamilia nyererei. Jenasi ni neno letu la Kiswahili, na jina la pili ni la Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipewa na watafiti mwaka 1985. Dume ana mgongo mwekundu, ubavu wa njano na milia myeusi. Ukimweka karibu na samaki wa matumbawe, hatashindwa rangi. Jike anatunza mayai yake mdomoni mpaka watoto waogelee, na hali kitu muda wote huo. Ulaya na Marekani wapo watu wanaozalisha furu wa Victoria, na baadhi ya aina zinahifadhiwa kwenye vioo vya watu na bustani za wanyama. Mtoto wa Kagondo akitaka kuwaona vizuri, inabidi aende ng'ambo. Wewe uko mwendo mfupi kutoka ziwani na unataka nikuletee samaki kutoka Bahari ya Hindi!

Na mawe? Mungu ametupa. Mawe ya mchanga ya Bukoba, yale ya magenge, yapo kila mahali, na hayana hata mpangaji mmoja wa kumfukuza. Jaribu siki: lisipotoa povu ndilo lenyewe. Chagua gumu, lisilomeng'enyeka ukilikwaruza kwa ukucha, lisilo na mishipa ya kung'aa kama chuma. Achana na yale mekundu yanayogeuka udongo. Chukua ya shambani au ya kilimani, usiyafuate ufukweni kwenye majani ukaja na kichocho. Yapange yawe na mianya mingi myembamba. Furu wa mawe walinusurika na sangara kuliko wenzao wa maji wazi kwa sababu hiyo hiyo: sangara mkubwa haingii kwenye mwanya. Mwanya ndio uliookoa ukoo wao. Uweke na sebuleni.

Bakteria wanahitajika hapa pia, subira ile ile. Ila chumvi hakuna. Wapitie kwanza watu wa uvuvi wilayani uwaulize utaratibu, chukua wachache, wa ufukwe wenu, wa aina iliyo nyingi. Na ukichoka nao, usiwamwage kwenye ziwa au mto mwingine. Tukirudia ndoo tena, tutakuwa hatuna wa kumlaumu.

NA MIMI JE?

Mkono wangu nao si safi. Mwaka wa kwanza, wiki ya pili tangu nifike Dar, tulikwenda ufukweni. Mtoto mmoja akaniuzia tumbawe jeupe, zuri, kama ubongo. Nililipa elfu mbili. Nikalituma picha nyumbani, nikajiona nimeshakuwa mtu wa pwani. Lipo hapa mezani sasa hivi, nalazia karatasi za desa lisipeperuke.

Lilikuwa jeupe kwa sababu limeuawa na kuoshwa. Sikujua? Nilikuwa mwanafunzi wa baiolojia, ningeuliza ningejua. Nilisema "jiwe tu". Inawezekana picha ile ndiyo iliyompa bamdogo wazo, na kama ni hivyo, basi hasira yangu ya leo nusu yake ni yangu mwenyewe.

Na si mimi peke yangu. Humu chuoni tumejaa tunaojua. Chuo chetu kina taasisi nzima ya sayansi za bahari kule Zanzibar, tunafundishwa matumbawe, tunayachora kwenye mtihani, tunapata A, halafu Jumamosi tunapanga bei ya kombe na matumbawe ufukweni. Elimu inayoishia kwenye karatasi ya UE ni sawa na jiwe lililooshwa likawa jeupe. Mwakani naenda kufundisha. Nitamwambia nini mtoto wa kidato cha pili akiniuliza, "Mwalimu, na wewe pale mezani una nini?"

Sitalitupa. Kulirudisha baharini hakutalifufua. Nitakwenda nalo Kagondo likizo hii, jiwe moja hilo hilo, nimpelekee bamdogo na kumwambia: mzee wangu, haya ndiyo mawe hai, hivi ndivyo yanavyokuwa yakifika kwetu. Kisha nitamuomba tushuke ziwani pamoja, na siku inayofuata nipande genge kumchagulia mawe mwenyewe, kwa mgongo wangu, gunia mbili kama alivyotaka. Akikubali, nitampangia kioo bure likizo nzima. Akikataa, nitajua bumu likichelewa nitakula nini. (Mihogo.)

Mama amenitumia meseji sasa hivi: "Baba yako mdogo anauliza kama hao furu kweli wana rangi."

Mama, mwambie wanazo. Mwambie nampa shikamoo.

Naomba kutoa hoja.